UZI: Mwanamke akikabidhiwa pikipiki anaendesha. Tuzungumze kwa nini wengi hawajakabidhiwa

#1 (mwanzisha uzi)

Wadau wa vyombo vya moto, wanawake kwa wanaume, salaam.

Kila tukigusa habari ya wanawake na pikipiki, mazungumzo yanaishia kwenye moyo. Mara "wanawake waoga", mara "yule dada ana roho ngumu". Mimi naendesha, na Jumapili nafundisha wanawake wenzangu hapa Morogoro. Nimefika mahali nasema wazi kwamba habari ya woga imekuzwa mno. Nikitazama walioendesha zamani na wanaoendesha leo, naona jambo moja linajirudia: pikipiki ilipokuja pamoja na kazi, mwanamke aliendesha na mtaa ukazoea. Pikipiki ilipobaki kuwa mali ya baba, mume au kaka, mwanamke alipakiwa. Naomba nilieleze kwa urefu, mwenye swali ataniuliza chini.

Waliokulia vijijini miaka ya themanini na tisini watanielewa haraka. Bibi shamba, yaani afisa wa kilimo wa kike, alikuja na Yamaha au Honda ya serikali, buti za mvua miguuni, makaratasi ndani ya begi lililofungwa kwenye keria. Masista wa misheni walipanda pikipiki kwenda zahanati za mbali, shela limebanwa chini ya helmeti. Manesi wa chanjo nao walifunga boksi la barafu nyuma kwa mpira wa tyubu na kuingia porini. Shangazi yangu alikuwa nesi wa namna hiyo upande wa Mahenge. Barabara ya kule wakati wa masika wengine mnaijua, udongo mwekundu unaoteleza na kingo zilizokatika. Hakuna mzee aliyemfuata mumewe kumuuliza kama ameruhusu. Chombo kilikuwa cha kazi, watoto wanasubiri chanjo, basi. Akina mama walikuwa wanamsikia mlio tangu mtoni, wanaanza kuwafunga watoto mgongoni.

Hao ndio waendeshaji wa kwanza wa kike ambao wengi wetu tuliwaona kwa macho, na sioni wakitajwa. Vijana wa leo wanadhani mwanamke kwenye pikipiki ni jambo lililoanza na picha za mitandaoni. Na bado linaendelea kimya kimya: mwaka 2022, pikipiki zilipogawiwa kwa maelfu ya maafisa ugani na uzinduzi ukafanyika Dodoma, wanawake walipata kwa sababu ni watumishi kama wenzao wa kiume. Nenda kata yoyote ya wakulima leo, uwezekano wa kukutana na binti wa miaka ishirini na kitu ameshika usukani wa pikipiki ya kilimo ni mkubwa. Alijifunza lini? Alijifunza siku alipokabidhiwa funguo.

Huko ng'ambo mambo yalikwenda vivyo hivyo. Mwaka 1916 dada wawili wa Marekani, Augusta na Adeline Van Buren, waliendesha pikipiki zao aina ya Indian kutoka New York hadi California. Walitaka kuionyesha serikali kwamba wanawake wanaweza kupeleka barua za jeshi kwa pikipiki. Njiani walikamatwa na polisi kwa kosa la kuvaa suruali. Wakafika, na jeshi likawakatalia kazi. Ona hapo: uwezo ulithibitishwa barabarani, kilichonyimwa ni kazi.

Bara letu hili nalo limekatizwa na wanawake zamani. Desemba 1934 Waingereza wawili, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London na pikipiki ya Panther ya cc 600 yenye kigari cha pembeni na tela nyuma. Wakavuka Sahara, wakashuka hadi Cape Town mwaka 1935. Vita ya Pili ilipoanza na wanaume wakahitajika mstari wa mbele, Wallach huyohuyo akapewa pikipiki ya jeshi la Uingereza kupeleka ujumbe. Vita ilipotaka watu, ile hoja ya kwamba mwanamke hawezi haikusikika tena.

Ninayempenda kuliko wote ni Bessie Stringfield, mwanamke mweusi wa Marekani. Alianza kuzunguka nchi ile peke yake tangu akiwa kijana, wakati ambao mtu mweusi alikuwa ananyimwa chumba kwenye nyumba za wageni. Mwenyewe alisimulia kwamba alipokosa pa kulala alijilaza juu ya pikipiki yake kwenye kituo cha mafuta, koti limekunjwa kuwa mto. Wakati wa vita alipeleka nyaraka za jeshi kama raia. Baadaye akahamia Miami, akafanya kazi ya uuguzi, akaanzisha klabu, watu wakamwita Malkia wa Pikipiki wa Miami. Alifariki mwaka 1993, na mwaka 2002 chama cha waendesha pikipiki cha Marekani kikamwingiza kwenye ukumbi wake wa heshima. Nesi wa Miami na nesi wa Mahenge hawakujuana, lakini mimi nawaweka benchi moja.

Vilabu vipo na vina faida yake, sivipuuzi. Motor Maids wa Marekani wameanza mwaka 1940 na wapo mpaka leo. India wana The Bikerni tangu 2011. Nairobi kuna Inked Sisterhood, ambao wanaendesha na kufundisha pia. Lagos wapo Female Bikers Initiative, wanaotumia pikipiki kuhamasisha wanawake wapime saratani ya matiti na ya mlango wa kizazi. Jumamosi ya kwanza ya Mei wanawake wa nchi nyingi wanatoka na pikipiki zao siku moja. Vizuri sana. Ila klabu inamhudumia aliyekwisha kuwa na pikipiki. Mimi roho yangu iko kwa yule ambaye hajawahi kuishika funguo.

Sasa niwaeleze kinachotokea uwanjani, kwa sababu hapa ndipo ninapoona maneno ya "woga" yanavyoanguka.

Mwanamke anakuja mara ya kwanza. Swali lake la kwanza huwa si "nikianguka je?". Ni "nani ananiangalia?". Ndiyo maana tunafundishia uwanja wa shule asubuhi mapema, kabla vijana wa mpira hawajaja. Wengi waliwahi kujaribu kufundishwa kijiweni, watu kumi wamesimama, mmoja anapiga kelele "achia klachi!", mwingine "breki! breki!". Hapo hata mwanaume angezimisha. Ukiondoa watazamaji, mkono unatulia.

Cha pili ni klachi. Ninamwambia akae, miguu yote chini, injini inanguruma, aweke gia ya kwanza, mafuta asiyaguse kabisa. Aachie klachi polepole hadi asikie pikipiki inaanza kuvuta, abane tena. Aachie, abane. Boxer au TVS inatembea yenyewe bila kuongezwa mafuta, mwendo wa mtu anayetembea na mtoto. Akishajua kwa vidole vyake mahali klachi inapong'ata, amemaliza nusu ya kazi. Wengi wanafundishwa kuanza na mafuta, ndipo pikipiki inaruka kama ndama na mtu anajeruhiwa bure.

Cha tatu ni breki ya mbele. Bodaboda wengi wa mtaani wanawaambia wanaojifunza "usiguse ya mbele, itakutupa". Hilo linaua watu. Breki ya mbele ndiyo inayosimamisha kwa nguvu kubwa zaidi. Inakutupa ukiikamata ghafla, usukani umekata kona, au uko kwenye kokoto. Fundisheni zote mbili kwa pamoja, kwa kuminya taratibu na kuongeza, usukani umenyooka.

Cha nne, kuinyanyua ikilala. Pikipiki hizi zetu zina uzito wa kilo mia na ushee, mwanamke anaambiwa hataweza. Zima injini. Ikiwa imelala upande wa kulia, kunjua stendi ndogo kwanza ukiwa hapohapo. Weka gia ili isiteleze. Kata usukani wote kuelekea chini. Kisha ipe mgongo, chuchumaa matako yakiwa karibu na siti, mkono mmoja ushike usukani, mwingine keria, na usukume kwa miguu huku unarudi nyuma hatua ndogondogo. Mgongo haunyanyui kitu, miguu ndiyo inanyanyua. Mwanamke aliyebeba ndoo za maji tangu utotoni ana miguu hiyo. Tunalifanya zoezi hili siku ya kwanza kabisa, kabla ya kuwasha, kwa sababu aliyejua kuinyanyua haogopi tena ikilala.

Kuhusu mavazi nitasema kwa ufupi lakini msilichukulie kirahisi. Dera, kanga na ncha za mtandio zinaingia kwenye cheni na tairi la nyuma. Kwa abiria anayekaa upande ni hatari maradufu. Suruali pana chini ya gauni, mtandio umeingizwa ndani ya koti, viatu vya kufunika vifundo. Ekzosi iko kulia, panda na shuka kwa kushoto, la sivyo shavu la mguu litapata alama. Helmeti ivaliwe na kufungwa: utafiti uliojumlisha tafiti nyingi umeonyesha inapunguza uwezekano wa kufa kwa takriban asilimia 42 na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hapa kuna jambo ambalo maduka hayatuambii, nywele. Ukienda kununua helmeti ukiwa na rasta nene, utachukua kubwa, na ukifumua itacheza kichwani na haitakukinga. Suka mistari ya kulala au msuko wa twende kilioni, ndipo uende kupima. Ikae ya kubana mashavu, ukitikisa kichwa isizunguke.

Nimeishia hapa kwanza. Karibuni.

#2

Mwanzisha uzi ubarikiwe. Mimi ni mwanaume, bodaboda Kihonda hapa Morogoro, nina mke na ninataka kumfundisha ili asubuhi apeleke mboga sokoni mwenyewe. Nimejaribu, tumegombana. Nifanyeje?

#3 (mwanzisha uzi)

Kaka yangu, kwanza hongera kwa nia hiyo. Tatizo lenu nalijua: unamfundishia kwenye pikipiki ya hesabu, ile ambayo kila siku unampelekea mwenye nayo fedha. Kila akizimisha, wewe unawaza indiketa ikivunjika nani analipa, na yeye anakuona usoni. Azima pikipiki kuukuu, toa saitimira, funga mipira kwenye hendeli za klachi na breki. Halafu usimkalie nyuma. Mwalimu akikaa nyuma pikipiki inakuwa nzito na yeye anasubiri wewe ushike. Simama pembeni, ongea kidogo.

Na kama mtagombana tena, mlete kwetu. Wanawake wengi wanaelewa upesi kwa mwanamke mwenzao, na ndoa inapona.

#4

Tusidanganyane jamani. Mwanamke kukaa kwenye pikipiki kila siku kunaharibu kizazi. Wazee wetu hawakuwa wajinga. Halafu binti ambaye hajaolewa, pikipiki na heshima yake vinakwenda wapi?

#5 (mwanzisha uzi)

Mzee wangu, shikamoo. Nakujibu kwa heshima.

Kuendesha pikipiki hakumfanyi mwanamke awe tasa. Wale manesi na mabibi shamba niliowataja wamezaa na wana wajukuu. Shangazi yangu ana watoto watano. Mjamzito ni habari nyingine: hatari kwake ni kuanguka, na tumbo likikua mizani yake inabadilika, kwa hiyo azungumze na kliniki mapema na aipumzishe. Na ukifikiria vizuri, wajawazito wa vijijini wanafika zahanati kwa njia gani? Wanapakiwa kwenye pikipiki usiku, na mtu wasiyemjua. Siaya nchini Kenya kuna kundi la wanawake linaitwa Boda Girls, linahusiana na hospitali ya kule, wanabeba wajawazito kwenda kliniki. Mwanamke mwenye uchungu akimwona dereva ni mwanamke mwenzake, anakaa kwa amani.

Kuhusu heshima ya binti: ni ipi inayomlinda zaidi, kuendesha chake mwenyewe saa kumi na moja jioni na kufika kwao, au kusubiri lifti barabarani hadi giza? Mimi nina binti. Nimeshachagua.

#6

Mie niko Kilifi, dada. Nilikuwa nauza viazi karai na bhajia, sasa nina pikipiki mwaka wa pili na nafanya boda. Yote uliyoandika ni kweli ila hukuzungumza habari ya stage, kile nyie mnakiita kijiwe. Kupata nafasi stage ndio kibarua. Watu hawakukatazi kwa mdomo, ila ukifika wanasogea, mteja akija wanamwita wao kwanza. Na wateja wengine wa kiume wanakushika kiuno makusudi. Wewe huko wenzako wanafanyaje?

#7 (mwanzisha uzi)

Dada wa Kilifi, umenigusa panapouma, na nakushukuru kwa kusema waziwazi.

Kijiwe kwanza. Ninaowajua waliofanikiwa hawakuingia peke yao. Waliingia wawili au watatu siku moja, wakalipa kiingilio, wakahudhuria vikao vya Jumamosi, wakachangia misiba. Kijiwe kina katiba yake, na mwenye kuchangia msiba hafukuziki kirahisi. Ukiwa peke yako unazungukwa, mkiwa watatu mnahesabiwa kuwa wanachama.

Pili, wateja. Wengi wamejitengenezea wateja wa kudumu badala ya kusubiri wapita njia: akina mama wa genge wanaokwenda sokoni alfajiri, walimu, wagonjwa wa kliniki, wasichana wanaotoka kazini usiku. Namba za simu zinapita kutoka kwa mama hadi kwa mama. Kazi ya vifurushi na chakula nayo inafaa, hakuna mtu nyuma yako. Na abiria anayekushika vibaya, simama mahali penye watu, zima, toa funguo, mwambie ashuke. Nauli iache. Hilo nalifundisha uwanjani kama ninavyofundisha breki, na wanafunzi wangu wanalitamka kwa sauti hadi mdomo unazoea: "Shuka." Na wanaume wa vijiweni mnaosoma hapa, mkimwona dada amesimama barabarani anamshusha mtu, simameni. Hamhitaji kupiga mtu, kuwapo kwenu kunatosha.

#8

Sisi Unguja hata hatushangai. Walimu, wauguzi, watu wa maofisini, wanawake wanapanda skuta na vespa na mabuibui yao, asubuhi Darajani unawaona. Skuta ina nafasi mbele ya miguu, huna haja ya kupanua miguu, nguo inakaa vizuri. Gia hakuna. Mbona bara hamzitaki?

#9 (mwanzisha uzi)

Asante sana kwa hili, na ni kweli Zanzibar mmetutangulia. Bara tumekazana na Boxer kwa sababu ya kubeba mizigo na barabara za vumbi, tairi dogo la skuta linateseka kwenye makorongo. Lakini kwa mwanamke wa mjini anayekwenda kazini na kurudi, skuta ni chombo safi kabisa, na hoja yako ya stara ina uzito. Dada zangu wengi Waislamu wananiambia hawaogopi pikipiki, wanaogopa namna ya kukaa. Pakistani walikumbana na hilohilo. Mwaka 2016 jimbo la Punjab lilianzisha mjini Lahore mpango unaoitwa Women on Wheels, wanawake wakafundishwa na kusaidiwa kupata leseni, kisha zikaja pikipiki za bei ya ruzuku. Nchi ambayo mwanamke alizoea kupakiwa amekaa upande! Saudi Arabia nako, mwaka 2018 wanawake waliporuhusiwa kuendesha, ruhusa ilikuwa ya magari na pikipiki pia, na Riyadh wakapatikana wanawake wa kujifunza pikipiki.

Niseme tena, tazameni Punjab walifanya nini. Mafunzo, leseni, chombo. Vitatu kwa pamoja. Huku kwetu tunafanya kimoja, picha ya pamoja inapigwa, cheti kinatolewa, na mwanamke anarudi nyumbani kwa miguu.

#10

Swali la pesa. Pikipiki mpya inakaribia milioni tatu au inapita. Mwanamke wa genge ataipata wapi? Leseni je?

#11 (mwanzisha uzi)

Hili ndilo swali lenyewe, na ningependa tulikae.

Wanaume wanaingiaje? Wengi hawanunui. Wanapewa ya hesabu, wanapeleka elfu saba hadi elfu kumi kwa siku kwa tajiri, au wanachukua mkataba, analipa kila siku kwa mwaka na zaidi kisha inakuwa yake. Njia hiyo imejengwa juu ya kujuana, na kujuana huko kuko kijiweni. Mwanamke hayuko kijiweni, kwa hiyo hata mkataba hausikii. Matajiri mlioko humu, wenye pikipiki tatu nne za hesabu: mpe mwanamke moja. Muulize baada ya miezi mitatu hali ya cheni, oili na malipo, halafu ulinganishe mwenyewe.

Pili, ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri. Nne ni za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu, na haina riba. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa 2024. Vikundi vya vijana vimechukua pikipiki kwa fedha hizo miaka mingi. Vikundi vya wanawake vinaomba kwa ajili ya sabuni, batiki na kuku, na mara nyingi ofisini ndiko wanakoshauriwa hivyo. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba kikundi cha wanawake hakiwezi kuomba pikipiki. Andikeni andiko: wanachama wana leseni, wateja ni hawa, marejesho kwa siku ni haya. Leseni ziwe mkononi kabla ya kuomba, maana hapo ndipo watawakwamisha.

Vicoba navyo, vile vikundi vyetu vya kuweka na kukopa. Kama kikundi kinamkopesha mama afungue duka la milioni mbili ambalo litakaa na bidhaa zinazooza, kwa nini kisimkopeshe chombo kinachozunguka kila siku?

Leseni ya pikipiki Tanzania iko kwenye kundi la A. Unaanza na leseni ya kujifunzia, unapata mafunzo kwenye chuo kinachotambulika, vyuo vya ufundi vya VETA vipo mikoani, unafanya mtihani wa polisi wa usalama barabarani, kisha TRA, mamlaka ya mapato. Kenya madaraja yamegawanyika, A2 ni pikipiki ya kawaida na A3 ni ya boda na vifurushi, kwa hiyo dada wa Kilifi hakikisha una A3. Na tafadhali, pikipiki iandikwe jina la mwanamke. Kadi iwe na jina lake. Nimeona mama analipa mkataba hadi shilingi ya mwisho, kadi ikatoka kwa jina la shemeji, na siku walipokosana pikipiki ikaondoka uani mbele ya macho yake. Hilo liliniuma na bado linaniuma.

#12

Samahani, naomba kuuliza. Mimi ni mfupi, futi tano hazifiki. Nimekaa kwenye TVS ya kaka miguu inaning'inia. Na nimeambiwa cc 125 ni ndogo, barabara kuu nitasukumwa na mabasi. Nipo Kihonda. Nikate tamaa?

#13 (mwanzisha uzi)

Mdogo wangu, hapana. Nianze na cc. Mwaka 1973 mwandishi wa Kifaransa, Anne-France Dautheville, aliizunguka dunia peke yake na Kawasaki ya cc 125. Kwenda kazini na kurudi, inakutosha na kubaki. Barabara kuu ya mabasi uiache hadi mkono ukomae, na hata ukikomaa, tembea mchana, vaa reflekta, usikae pembeni kabisa ambako kila gari linaona kuna nafasi ya kukupita.

Kuhusu urefu: hauhitaji nyayo zote mbili ardhini. Unahitaji mguu mmoja imara, na mazoea ya kusimama ukiteleza kidogo kwenye siti kuelekea upande wa kushoto, mguu wa kulia ubaki kwenye breki. Tafuta chini panapoinuka kabla hujasimama, ukingo wa lami, mahali pa tambarare, usisimamie penye shimo. Nenda kwa fundi siti, akufunulie kava, akate sponji pembeni na juu kidogo, arudishe. Pembeni ndiko kunakotanua mapaja, watu wanakata juu tu na kukaa kwenye bati bila faida. Shokapu za nyuma zina ngazi za kurekebisha, fundi aziweke ya laini zaidi, utashuka kidogo tena. Kiatu chenye soli nene iliyo bapa kinaongeza kilichobaki. Visigino hapana.

Jumapili hii tupo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nitumie ujumbe ndani nikuelekeze uwanja. Njoo na suruali, soksi, chupa ya maji, na nywele zisukwe za kulala. Helmeti tutakuazima. TVS ya kaka usiichukue bila kumwambia, mwombe, na akikataa njoo hivyohivyo, ipo kuukuu ya kikundi ambayo siti yake ilishakatwa kwa mtu wa kimo chako.